Benchi Halibebwi Hivyo

Redio ya Kinyozi ikisema jambo, sisi kazi tunaiweka pembeni mpaka jambo lenyewe tulimalize. Asubuhi hiyo ilisema kwamba mwalimu anayeanza kazi hatathibitishwa tena kwa kujua somo lake tu. Ataangaliwa pia kama anajua kuzungumza na watu na kama anajua kufanya kazi na wenzake. Mtangazaji akaviita hivyo stadi za mawasiliano na ushirikiano, kisha akaweka muziki na kwenda zake, akatuachia sisi mzigo.

"Kuzungumza nako kunafundishwa?" Breki akauliza huku anapuliza kahawa. Huyu ni dereva wa lori mstaafu, na jina la Breki alipewa kwa sababu akianza hadithi hana. "Yaani mtu azaliwe, akue, aote ndevu, halafu apelekwe chuo kufundishwa kusema habari za asubuhi?"

"Wewe wangekufundisha, tungepumua," akasema Wakili. Wakili anachomelea mageti. Mahakamani aliwahi kuingia siku moja tu, tena kumsindikiza shemeji yake, lakini tangu siku hiyo hakubali kitu bila ushahidi.

"Mimi nazungumza vizuri!"

"Unazungumza sana. Ni vitu viwili tofauti."

"Leta ushahidi!"

"Shahidi namba moja ni hii kahawa yangu. Imepoa nikikusikiliza."

Kinyozi akatoa kichwa mlangoni, mashine inanguruma mkononi. "Jamani, nyamazeni, nataka kuwaambia kitu kuhusu kusikiliza." Nyuma yake mteja wake alikuwa amekaa kichwa kimenyolewa upande mmoja, anangoja mjadala uishe ili apate upande wa pili. Namhurumia kila anayenyolewa pale habari zikisomwa.

Mimi mnanijua, au mtanijua: fundi viatu, meza yangu iko mlango wa pili kutoka kwa Kinyozi. Pale kijiweni mwenye akili timamu ni mimi peke yangu, ndiyo maana kusimulia huwa wananiachia. Tuko nje ya ukuta wa shule. Shangazi anauza kahawa hapo, jiko lake na birika lake, na mbele ya jiko liko benchi letu.

Benchi hilo lazima nilieleze. Ni refu, mbao ngumu, miguu ya chuma, na chini yake pameandikwa kwa rangi nyeupe jina la shule, ingawa kati yetu hakuna aliyewahi kuinama kusoma. Shule ilipopakwa rangi mabenchi yote yalitolewa nje. Rangi ilipokauka yote yakarudi ndani isipokuwa hili, kwa sababu tulikuwa tumelikalia. Hatukuiba. Mtu anaibaje kitu akiwa amekaa? Kinyozi naye siku zilezile za rangi alipata kiti cha ofisini, cha kuzunguka, chenye magurudumu, anasema alipewa na mtu mkubwa. Hilo ni lake na nafsi yake.

Walimu wameshatumwa sana kulifuata benchi. Alikuja mwalimu wa hesabu kwa hasira. Wakili akamtaka athibitishe kwamba benchi ni la shule na siyo shule ndiyo ya benchi, wakabishana mpaka kengele ikalia, akarudi mikono mitupu. Alikuja mwalimu wa michezo kwa misuli. Breki akamsimulia alivyokwama na lori mlimani, jamaa akakaa, akanywa kahawa, akasahau alichofuata. Siku hizi Jumamosi anakuja kwa hiari yake.

Sasa, tukiwa tunamjadili mwalimu anayeanza kazi, mwalimu anayeanza kazi akatokea getini.

Tunamwita Ticha. Ni mtoto wa marehemu kaka yake Shangazi, na Shangazi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa birika lile lile. Shati limefungwa vifungo mpaka kooni, kidevu kimekosa pa kukaa.

"Shikamooni."

"Marahaba!"

"Nimetumwa benchi," akasema.

Hata mashine ya Kinyozi ilizimwa.

Ticha akaendelea upesi upesi kabla hajakatizwa. Mchana huo kuna kikao cha wazazi. Kila kikao wazazi wa nyuma hukosa pa kukaa, wakichoka kusimama wanaondoka mmoja mmoja, na mwalimu mkuu anamaliza kwa kuhutubia kuta. Sasa huyo mwalimu mkuu, mama yule, amemwita ofisini asubuhi, amemwambia hivi: lete benchi, nitajua unajua kuzungumza na watu. Usipolileta, tutakaa mimi na wewe tuzungumze upya habari ya kukuthibitisha.

Nilimtazama Shangazi. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani na birika. Benchi likiondoka, nani atakunywa kahawa yake amesimama kama yuko foleni? Na lisipoondoka, mtoto wake wa pekee anakosa kazi. Nilimwonea huruma, sina la kuongeza.

"Mwanangu," akasema polepole, "mabenchi yote yaliyojaa duniani, wamekutuma hili?"

"Hili, shangazi."

Hapo ndipo Wakili aliposimama, akapangusa mikono. "Kabla hatujaingia kwenye benchi," akasema, "tuingie kwenye lugha. 'Nimetumwa benchi.' Jamani, ndiyo kuomba huko?"

"Hakuna kuomba pale," Breki akadakia. "Ile ni amri. Tena ya trafiki."

"Redio imesema mawasiliano," akasema Kinyozi. "Huyu akienda hivi kwa watu atachemka. Ni mtoto wetu. Tutamwacha achemke?"

"Hatumwachi!"

"Rudi nyuma, Ticha," Wakili akaagiza. "Rudi mpaka getini, uje upya. Uje kama mtu mwenye shida."

"Lakini nina shida kweli."

"Haionekani!"

Basi mtoto wa watu akarudi mpaka getini, akaja upya, mabega ameyashusha. "Shikamooni wazee wangu. Habari za asubuhi? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Kazi zinaendaje? Afya zenu..."

"Ngoja, ngoja," Breki akamkata. "Salamu imezidi. Mpaka ufike kwenye benchi, wazazi wameshazeeka. Mawasiliano ni kama lori: unawasha, unaingiza gia, unaondoka. Mimi siku ile nimekwama mlimani..."

"Mlima umeshaanza!" akalia Wakili.

"Namfundisha!"

"Mfundishe bila mlima!"

Kinyozi akaja na lake. Yeye siri yake ni sifa. Mteja akikaa kitini, kwanza unamsifu kichwa, hata kama ni cha mashaka, halafu ndiyo unamwambia bei imepanda. Ticha akatumwa tena getini. Akaja, akasimama mbele yetu, akatazama benchi kwa upendo.

"Wazee wangu, benchi lenu ni zuri sana."

"Lenu!" Wakili akaruka juu, kidole angani. "Mmesikia? Amesema lenu! Amekiri mbele ya mashahidi! Kesi imekwisha, nendeni nyumbani."

"Sikumaanisha..."

"Imeshaingia kwenye kumbukumbu!"

Nikaona wanamharibu kijana, nikaingia mwenyewe. Mimi sina maneno mengi. Nilimwambia avue viatu. Kisigino cha kulia kimelika upande, na mtu mwenye kisigino kilicholika upande anazungumza ameinama, nani atamsikiliza? Nikavichukua vyote viwili, nikaanza kugonga kisigino na kuvipiga dawa ya kung'arisha. Kwa hiyo kuanzia hapo Ticha alikuwa anafundishwa mawasiliano akiwa na soksi, tena moja ina tundu.

"Sikiliza, kijana," akasema Breki. "Sifa ya kwanza ya mwalimu ni kusikiliza. Siyo kusema. Kusikiliza."

"Naomba niseme kitu kimoja tu, mjomba..."

"Nyamaza nikufundishe kusikiliza! Ukiwa na mwanafunzi mbele yako, mwache amalize. Usimkatize. Kumkatiza mtu ni ..."

"Ni dharau," Wakili akamalizia.

"Ndiyo nilikuwa nataka kusema, umenikatiza!"

"Nimekusaidia. Huo ndio ushirikiano."

"Ushirikiano gani wa kunipokonya neno mdomoni?"

Wakapandishiana sauti, mmoja anasema kusikiliza, mwingine anasema ushirikiano, Kinyozi anapiga kitana mlangoni kuomba utulivu. Yule mteja wa nusu kichwa akanyoosha mkono kutoka ndani, nadhani alitaka kuuliza habari ya nusu yake. Hakupewa nafasi. Ticha alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa Kinyozi, na macho yake yalianza kulegea. Nilijua huyu sasa anajiona hana kazi. Shangazi akammiminia kahawa asiyoiomba.

"Hebu kwanza," nikasema, kwa kuwa mtu mwenye akili lazima awepo, "na wenzako huko ndani wanasemaje? Kushirikiana kuko vipi?"

"Hakuko, mjomba," akajibu, akakaa kwenye ncha ya benchi. "Chumba cha walimu kila mtu yuko na kona yake. Mwalimu wa hesabu kifutio cha ubao anaondoka nacho nyumbani. Kila mmoja ana chupa yake ya chai, tena ameiandika jina. Nimewaomba wanisindikize kuja huku. Mwalimu wa hesabu amesema yeye na Wakili hawawezi kuonana. Wa michezo amesema mguu unamsumbua."

"Mguu gani! Jumamosi alikuwa hapa anaruka!"

"Basi nikaja peke yangu. Nikasema wakinipa, nitalibeba."

Breki aliweka kikombe chini.

"Utalibeba," akarudia.

"Ndiyo."

"Peke yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Benchi hili?"

"Ana kichaa," akanong'ona Kinyozi.

"Kijana," Breki akasema kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa ukoo, "mimi nimepakia mizigo maisha yangu yote. Mbao. Vyuma. Piano nimepakia! Benchi hili halibebwi na mtu mmoja. Uzito wake hauko katikati. Ukilishika katikati linakupeleka linakotaka lenyewe."

"Siyo uzito," Wakili akapinga. "Ni miguu. Miguu ya chuma ile, ukikosea inakuchubua ugoko."

"Uzito!"

"Miguu!"

Hapo nikaona kitu usoni mwa Ticha. Tangu amekuja alikuwa anatafuta maneno ya kutuambia. Sasa aliacha kutafuta. Alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mwalimu aliyeingia darasani akajua ni nani anakaa dawati gani. Kisha akasimama, akajikuna kichwa, akauliza kwa unyonge kabisa:

"Kwani linabebwaje?"

Mungu atusamehe. Tulisimama wote.

"Njoo huku!" Breki akamvuta. "Tazama. Mtu wa mbele anakaa hivi, mgongo umenyooka. Wakili, shika kule mwisho."

"Kwa nini mwisho? Mimi nakaa mbele."

"Mbele anakaa dereva!"

"Benchi halina dereva!"

"Kinyozi, shika katikati usawazishe. Fundi, wewe upande wa pili. Bado mtu mmoja hapa... wewe! Nusu kichwa! Njoo!"

Mteja akatoka na shuka lake la kunyolea limefungwa shingoni, akashika. Hata hakuuliza.

"Moja, mbili, inua!"

Likainuka. Nasema ukweli, lilipendeza. Tulisimama pale tumelishika, kila mmoja anahema, tunamtazama Ticha aone kazi inavyofanywa na watu wanaojua.

"Nimeelewa," akasema Ticha. Akavaa viatu vyake. "Lakini hapo limesimama. Likitembea je? Si litayumba?"

"Liyumbe? Mbele yangu?" Breki akang'aka. "Haya, tembea! Kushoto kwanza!"

Tukatembea. Ticha alikuwa mbele, anarudi kinyumenyume, mikono nyuma, na kazi yake ilikuwa kuuliza tu. "Na kwenye kona, mjomba?" Tukamwonyesha kwenye kona. "Na mahali penye mchanga?" Tukamwonyesha penye mchanga. "Na kwenye geti jembamba kama lile?"

"Geti lile ni la kitoto!" akasema Breki. "Kata kulia! Kulia! Kulia ya kwangu, siyo yako! Rudi! Rudi, rudi, rudi, simama!"

Benchi likakwama getini. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, na Kinyozi yuko katikati amebanwa.

"Nani mjinga aliyetengeneza geti hili?" akafoka Breki.

Sote tukamgeukia Wakili.

"Geti halina tatizo," Wakili akasema, anatazama mbinguni. "Benchi ndilo limenenepa."

"Chuma kinanenepa?"

"Leta ushahidi kwamba hakinenepi!"

"Niokoeni jamani," akasema Kinyozi.

Hapo ndipo Ticha aliposema jambo pekee ambalo halikuwa swali. "Mjomba Wakili ahesabu, sisi wengine tunyamaze. Akisema tatu, tulilaze ubavu." Mkiniuliza kwa nini tulinyamaza, sijui. Wakili akahesabu, benchi likalala ubavu, likapita kama linateleza. Tukajipongeza. Nilisikia nyuma yetu vikombe vinalia, nikageuka: Shangazi anakuja, birika mkono mmoja, jiko mkono wa pili, kanga ameifunga kiunoni.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Wateja wangu wote wanaondoka wamebeba viti, mimi nibaki niuzie ukuta?"

Tukaingia ukumbini. Ticha akatuuliza benchi likiwekwa chini linatanguliza mguu gani. Tukamwonyesha. Likakaa, limenyooka ukutani, safi. Tulikuwa tumechoka, jasho linatutoka, benchi ni letu, tukafanya linalofanywa na mtu yeyote mbele ya benchi lake. Tukakaa. Shangazi akaweka jiko, akamimina. Breki akanywa funda la kwanza, akashusha pumzi, akasema, "Umeona, kijana? Benchi linabebwa hivyo."

Kisha akatazama juu. Mchana ulikuwa umetufikia bila sisi kujua, na wazazi walikuwa wameshaanza kuingia. Mbele yetu alikuwa amesimama mwalimu mkuu, miwani inaning'inia kifuani, anatutazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta sikukuu.

Wakili akautazama mguu wa benchi, akainama, na kwa mara ya kwanza akasoma kilichoandikwa chini yake.

"Tumeibiwa," akanong'ona.

"Nani ametuibia?" akauliza Breki.

"Sisi!"

Mwalimu mkuu akatukaribisha kwa heshima zote, wazazi wetu, kaeni, asanteni kwa kuja mapema. Ungeinukaje ukaondoka? Tukabaki. Wazazi wa nyuma wakabanana nasi, Shangazi akawapitishia kahawa, na hakuna aliyetoka mpaka mwisho, maana vikombe vilikuwa bado mikononi. Yule mteja wa nusu kichwa akapata nafasi ya kunyoosha mkono, akauliza kwa nini darasa la mwanawe halina kifutio cha ubao. Mwalimu wa hesabu akakohoa, akaufungua mkoba wake polepole.

Kikao kilipokwisha nilikuwa karibu, nikasikia mwalimu mkuu anamuuliza Ticha, "Walimu wote nimewatuma wakashindwa. Wewe umewaambia nini watu wale?"

"Sikuwaambia kitu, mwalimu," akasema Ticha. "Kila nikiwaambia walikuwa wananirudisha getini. Nikaona bora niwaulize."

Mama yule akacheka mpaka miwani ikatikisika. Akamwambia kesho aje ofisini, na amwambie shangazi yake kwamba mapumziko ya asubuhi birika lake linatakiwa chumba cha walimu, kabla hawajaanza kuandika majina kwenye sukari. Shangazi alisikia. Aligeuka ukutani akajifanya anapangusa vikombe, lakini alikuwa analia, na mimi kidogo nimfuate, sioni haya kusema.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kijiweni tumekalia mawe, kila mmoja anamlaumu mwenzake.

"Wewe ndiye uliyesema inua!"

"Wewe ndiye uliyehesabu!"

"Mimi nilibanwa getini, mnataka nini zaidi?" akasema Kinyozi. Yeye pekee alikuwa amekaa vizuri, mlangoni, kwenye kile kiti chake cha kuzunguka. Akajizungusha kidogo kutuonyesha.

Ticha akatokea getini. Kifungo cha juu kimefunguliwa, kidevu kimepata pa kukaa, na viatu, niseme mwenyewe, vinang'aa.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitikia, kwa mashaka.

Hakusema ametumwa. Alikizunguka kiti cha Kinyozi, akagusa mgongo wake, akasukuma gurudumu moja kwa ncha ya kiatu. Kisha akajikuna kichwa.

"Hivi wajomba," akasema kwa unyonge, "kiti chenye magurudumu kama hiki, ukikifikisha pale kwenye ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu, kinapandishwaje?"

Kinyozi alikikumbatia kiti kwa mikono miwili. "Mtu asimjibu!" akapiga kelele. "Nawaomba kwa jina la Mungu, mtu asimjibu!"

Tukakaza. Wakili aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilijaza misumari midomoni ili nisiweze kusema. Ticha akangoja, mpole, mikono nyuma. Nilimwona Breki anauma midomo, mishipa imemtoka shingoni, anatazama magurudumu, anatazama ngazi kule ndani, anatazama magurudumu.

"Kinyumenyume," akasema, akaweka kikombe chini. "Kinapandishwa kinyumenyume. Sogea nikuonyeshe."